Safari ya pwani Jumamosi

Wadau mambo vipi, naona watu wananifuata inboksi eti kwa nini tusipite Chalinze tukafika Tanga mchana huohuo, jamani hatuwahi msiba, tunatambaa na bahari. Saa 12 asubuhi Mwenge, chai tunakunywa Bagamoyo. Magofu ya Kaole lazima tuingie, yale makaburi yenye nguzo za matumbawe kwenye picha hayaonekani vizuri, kisha ferini kwa wakaanga samaki, mtu usishibe chapati mapema ukaja kumtazama pweza kwa huzuni.

Halafu Makurunge mpaka Saadani. Kiingilio cha hifadhi kila mtu na chake, mje na kitambulisho maana Mtanzania halipi bei ya mgeni. Mwenye kigari cha chini akiache nyumbani apande na wenzake, vumbi na makorongo sitaki lawama.

Tunalala Pangani. Ukifika Bweni, kabla hujavuka mto, unauona mji wote ng'ambo, mi hapo huwa sitaki kuharakishwa kabisa. Jumapili Tanga, kama kilomita 50 tu, kurudi ndo tunapita Segera.

Ambaye hajatuma mchango wa mafuta atume leo, emoji ya dole haijazi tenki.