YAH: Vyeti viwili vinavyopingana kwa mche mmoja wa bangi

Ndugu Meneja wa maabara ya vipimo vya vinasaba (DNA),

Dada aliyepokea simu yangu wiki iliyopita, ambaye ni Mswahili mwenzangu, aliniambia niweke malalamiko yangu kwa maandishi naye atayafikisha. Ndiyo haya.

Nina kitalu kidogo chenye leseni hapa Oregon, nauzia wakulima wengine miche ya bangi. Mwezi Machi nilikata majani mawili machanga kwenye tawi moja la mche mama mmoja, yaani ule ninaozalishia miche mingine. Mkasi niliufuta kwa spiriti, majani nikayatia kwenye vifuko vyenu viwili. Kwenye fomu ya kwanza, pale mnapouliza jina la aina, niliandika Durban Poison, jina nililopewa nilipoununua. Kwenye ya pili niliandika "namba 7" tu. Cheti cha kwanza kikasema mche ni wa ukoo wa Durban Poison, asili yake Afrika Kusini. Cha pili kikasema mche huohuo ni mtoto wa OG Kush, aina nyingine ya bangi.

Mlinijibu kwamba mimea hubadilika. Najua mabadiliko madogo hutokea hata ndani ya mche mmoja, lakini hayawezi kugeuza ukoo mzima kati ya jani na jani la jirani yake. Ama mlichanganya sampuli, ama jibu lenu linafuata jina ninaloliandika mimi kwenye fomu. Na kama ni hilo la pili, basi nimelipia mwangwi wa maneno yangu mwenyewe.

Kinachoniuma ni uhakika mnaouuza. Vinasaba havibebi jina. Vinaweza kuonyesha kwamba mimea miwili ni pacha au ndugu wa karibu. Hata yupi mzazi na yupi mtoto, mara nyingi havisemi vyenyewe. Jina linatoka kwenye kanzidata yenu, na humo tumelijaza sisi wateja, kila mmoja akiandika alichoambiwa na aliyemuuzia. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walichunguza sampuli 81 za bangi na 43 za katani (hemp, bangi isiyolevya), wakakuta aina ya Jamaika inayouzwa kama sativa 100% karibu haitofautiani na indica ya Afghanistan, ingawa sativa na indica huuzwa kama makundi mawili tofauti ya bangi. Mwaka 2019 wenzao wa Chuo Kikuu cha Northern Colorado walipima sampuli 122 zenye majina 30, wakakuta jina moja limebandikwa kwenye mimea isiyofanana. Kwenye cheti chenu sioni hata mstari mmoja wa tahadhari.

Kwa kuamini cheti cha kwanza niliuza miche 40 yenye lebo ya Durban. Wanunuzi wote watatu nimeshawapigia simu. Mmoja, mzee anayenunua kwangu tangu nianze, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na ile ya mwaka jana je?" Sikuwa na la kumjibu.

Nataka mnirudishie ada ya vipimo vyote viwili na kufuta vyeti hivyo. Pia mnieleze kwa maandishi mlipima alama ngapi za vinasaba, mlilinganisha na sampuli zipi, na nani alizipa majina. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitavipeleka vyeti vyote kwa mamlaka ya kulinda walaji hapa jimboni.

Jani la tatu la tawi lile nimelihifadhi kwenye friza, lina namba tu. Mkikubali kulipima mbele yangu, nitalileta.

Wasalaam,
Mteja wenu, mwenye kitalu, Oregon