Barua ya wazi kwa dada yangu aliyehama Kibokoni, Mombasa

Dada yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Nakuandikia hadharani kwa sababu uliyosingiziwa yalisemwa hadharani, barazani, mchana, mbele ya muuza kahawa na watoto waliokuwa wakitoka chuo cha Kurani, na sioni haki ya kumchafua mtu njiani kisha kumsafisha chumbani. Nimevuka feri mara mbili kuja Likoni kwa shangazi, na mara zote mbili nimeambiwa umelala. Silalamiki. Una kila sababu ya kunifungia mlango.

Hukuwa na wazimu. Hukupoteza ufunguo, hukuacha mtungi wa gesi wazi, wala hukuwa na mapenzi na fundi cherehani. Mambo hayo matatu nayajua kwa hakika, na namna nilivyoyajua ndiyo inayonitia aibu.

Shemeji alikuja kwetu wakati wa Kaskazi, joto likiwa limekaza. Aliketi barazani, akapokea kahawa, akazungumza taratibu kama mtu anayeuguza. Alisema umeanza kusahau, unazungumza peke yako, na kwamba anaogopa kukuacha usiku anapokwenda zamu bandarini Kilindini. Kisha akaniambia, “Madirisha yenu yanatazamana. Niangalizie dada yako.” Wewe unajua vichochoro vyetu vya Mji wa Kale vilivyo, kutoka dirisha letu hadi lenu tulikuwa tukipokezana bakuli la sukari bila mtu kushuka ngazi. Nilikubali, na nilijiona nafanya wema.

Basi nikawa namwandikia kwenye simu. Leo ametoka saa nne. Leo amerudi mlangoni mara mbili. Leo fundi amemsalimu. Yalikuwa maneno mafupi, yasiyo na ubaya yakisomwa moja moja. Sikujua kwamba usiku anakuja kukuuliza kwa upole, “Leo umerudi mlangoni mara mbili, unakumbuka?” nawe unaduwaa, kwa sababu kutwa nzima alikuwa bandarini na hapana aliyekuwa nawe. Uliwahi kuniambia kwamba unahisi kuta zinakutazama. Nilikushika mkono nikakwambia upumzike. Dada, aliyekuwa akikutazama ni mimi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Fundi alikuwa ameweka cherehani yake chini ya roshani yenu, nami nilikuwa nikimpelekea nguo zisizohitaji kupunguzwa wala kuongezwa ili nipate kusimama pale kidogo. Mimi alinisalimu kama dada yake, akinitazama usoni. Wewe alikusalimu ameinamisha macho. Ilikuwa heshima tu kwa mke wa mtu, kama alivyolelewa, lakini moyo wangu uliokuwa ukimtaka uliisoma kuwa ni mapenzi. Kwa hiyo ilipotokea ile leso, mimi nilikuwa nimekwisha kukuhukumu zamani.

Uliikuta asubuhi imetundikwa kwenye komeo la mlango, imekunjwa vizuri, jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu yake, likiwa limegeuzwa nje: “Japo sipati tamaa sikati.” Pwani hii leso ni ulimi. Mwanamke humjibu jirani yake kwa leso bila kufungua kinywa, na mwanamume humwambia mwanamke kwa leso asiyothubutu kuyatamka. Kabla hujaamka, mtaa mzima ulikuwa umeisoma. Nani mwingine, watu wakauliza, ila yule anayeshinda akipinda leso za watu chini ya dirisha lake? Aliyeuliza swali hilo kwanza ni mimi. Wengine walilipokea tu. Wewe uliitupa ile leso kichochoroni huku ukilia, mama yangu akaiokota, na kilio chako nacho kikachukuliwa kuwa ni ushahidi. Siku ya tatu fundi alibeba cherehani yake begani na kuondoka. Nasikia yuko Malindi.

Bibi mmoja tu, yule jirani yetu mkongwe wa nyumba ya pembeni, aliitazama akauliza, “Mwenzake uko wapi?” Hakuna aliyemjibu. Angejibiwa, yote yangekwisha siku ile. Leso huuzwa doti, vipande viwili vilivyoshikana. Mnunuzi hupeleka ikakatwa na kupindwa. Mwenye kupenda hatoi kipande kimoja. Na fundi, ambaye kazi yake ni kupinda, asingetundika leso ambayo haijapindwa, iliyokatwa mshazari kana kwamba imepitishwa kisu cha jikoni. Tulisoma jina tu, na sisi tunaofundishwa tangu utotoni kutazama pindo, mji ulio katikati na jina, hatukutazama nguo yenyewe.

Baada ya hapo ulikuja usiku wa gesi. Stima ilikuwa imekatika na mimi nilikuwa nimeketi dirishani nikitafuta upepo. Yapata saa nane na nusu nilimwona shemeji akiingia kwenu, viatu mkononi. Hakukaa hata robo saa. Alitoka, akafunga mlango kwa uangalifu ambao nauona mpaka leo, akaelekea upande wa Ndia Kuu. Asubuhi alirudi “kutoka kazini”, akapiga kelele, akatuita majirani tuje tunuse. Wewe ulikuwa umesimama katikati ya jiko ukiapa kwamba ulifunga mtungi kwa mkono wako. Ulinitazama. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako nikiyajua niliyoyaona, na nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mwanamume ana haki ya kuingia nyumbani kwake saa yoyote. Ile gesi ingeweza kukuua, dada, na mimi nilikuwa natafuta sababu za kumstahi.

Ulipohama, aliniomba nimsaidie kukusanya nguo zako azilete Likoni. Nilipofungua kasha lake kwa makosa, chini ya ovaroli zake za kazi nilikikuta kipande cha pili. Nilikificha ndani ya buibui nikakipeleka nyumbani, nikakitandaza sakafuni kando ya kile alichokiokota mama. Mkato ulilingana kutoka pindo hadi pindo, pale kisu kilipoteleza upande huu na pale kilipoteleza upande ule. Chini ya kipande hicho palikuwa na karatasi ya wakala, imepigwa chapa, ikitaja nyumba aliyokuachia marehemu mama yako, ikisema kwamba wewe unampa yeye mamlaka yote juu yake kwa ajili ya hali ya afya yako. Mahali pa sahihi palikuwa patupu. Nilielewa ulikuwa ukikataa nini siku zote zile ambazo sisi tulisema umekuwa mkaidi.

Nimeisoma sheria tangu hapo, kwa kuchelewa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kinga dhidi ya dhuluma za nyumbani haihesabu vipigo peke yake. Imetaja mateso ya kisaikolojia, kumwandama mtu na kumtisha, na inaipa mahakama uwezo wa kutoa amri ya ulinzi. Mimi nilidhani pasipo alama mwilini hapana kesi. Namba 1195 hupigwa bure, usiku na mchana, kwa ajili ya watu waliokuwa katika hali yako. Simu nilikuwa nayo mkononi kila siku, nikamwandikia yeye.

Nimekwisha kuyasema haya barazani kwa mdomo wangu. Mzee mmoja wa ukoo ameniomba niyaache, kwamba ni siri za nyumba na kwamba shemeji ni mtu wetu. Nimemjibu kwa adabu kwamba nyumba hiyo ni yako, na kwamba ulipokuwa ukitajwa kwa uzinifu hakuna aliyekumbuka siri. Fundi naye nimemtumia salamu na kuomba radhi kupitia kwa ami yake. Hajajibu, wala simlazimishi.

Ujumbe wote niliomwandikia shemeji ninao, pamoja na majibu yake, tarehe na saa. Sijafuta hata mmoja, ingawa kila ninapoufungua naona mkono wangu. Vikitakikana mbele ya kadhi au kituo cha polisi, nitakwenda navyo, nami nitasema nilichokiona saa nane na nusu na nitasema pia kwamba nilinyamaza.

Sikuombi unifungulie. Alhamisi asubuhi, inshallah, nitavuka kwa feri, nitamkabidhi shangazi mfuko mlangoni na kurudi. Ndani mtakuwa na nakala za ujumbe, ile karatasi ya wakala, na vipande viwili vya leso. Mama alitaka kuvipinda visichakae, nimemkataza. Msivifue, na msiruhusu mtu akate zile nyuzi za ukingoni.

Mdogo wako.