Mawakala wawili, kazi moja: nimjibu nani?

Shikamoo Anti,

Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar es Salaam, cheti changu cha EACFFPC, kile cha forodha na uwakala wa mizigo cha Afrika Mashariki, nilikipata Chuo cha Kodi. Kampuni niliyopo ni ya familia, na anayepandishwa cheo siku hizi ni mtoto wa mwenye mali. Nikaamua kutafuta kwingine kimyakimya. Sisi watu wa forodha tunajuana wote, ukisambaza CV mwenyewe jioni bosi anayo habari, ndiyo maana nikapitia kwa mawakala wa ajira.

Wa kwanza ni kaka mmoja mstaarabu. Alinihoji kwa kina, akafuta orodha ndefu ya semina kwenye CV yangu, akaniambia niandike aina za mizigo niliyotoa na makontena yaliyokwama nikayakwamua. Hakuniomba hata shilingi, tofauti na ofisi moja iliyotaka "hela ya fomu" nikaaga zangu. Ninavyojua, wakala wa kweli hulipwa na mwajiri, mara nyingi asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa mtu aliyempata. Akasema ana nafasi ya msimamizi wa forodha, jina la kampuni akalibania. Nikamjibu "sawa, nipeleke" kwa WhatsApp. Hatukusainiana chochote. Tangu hapo nikimuuliza ni "bado wanachambua, dada".

Juzi kanipigia dada wa wakala mwingine. Anavyoieleza kazi, naona ni ileile: mizigo ya kwenda Lubumbashi na Lusaka, watu saba chini yako, na Kifaransa kidogo kwa ajili ya wateja wa Kongo. Huyu kampuni kaitaja. Nimeitafuta, kumbe wametangaza nafasi hiyo wazi na mtu anaweza kuomba moja kwa moja!

Binamu yangu anasema nipige kotekote. Rafiki yangu ambaye ni afisa utumishi kanikataza kabisa. Anasema jina moja likiletwa na mawakala wawili, mwajiri huona ugomvi wa malipo unakuja, na rahisi kwake ni kumweka mtu huyo kando. Namwamini zaidi huyu, ila sijui kama yule kaka alinipeleka kweli au CV yangu imelala kwenye kompyuta yake. Naweza kumuuliza waziwazi aliituma lini na kwa nani bila kuonekana simwamini? Na kama hakuituma, ile "sawa" yangu ya WhatsApp inanifunga?

Kuna na la mshahara. Dada huyu anataka salari slipu za miezi mitatu. Slipu yangu inaonyesha mshahara wa msingi tu, posho hupewa mkononi, na posho ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Nikiituma ilivyo watanipangia kwa kipimo hicho. Nikitaja jumla ninayopata, ushahidi sina. Inaruhusiwa kukataa slipu nikasema tu kiasi ninachotaka, au nitaonekana jeuri kabla hata ya usaili?

Anataka jibu kabla ya Ijumaa, na tangazo lao linafungwa Jumatatu.

Msomaji wako,
Temeke