Malalamiko kuhusu rikoda ya rili iliyorudi na mwendo si wake, na mita mbili za ukanda ambazo hazikurudi

Kikwajuni, Unguja
14 Agosti

Kwa Meneja,
Sehemu ya Matengenezo ya Vyombo vya Sauti,
Dar es Salaam.

YAH: MATENGENEZO YA RIKODA YA RILI NA KUHAMISHA KANDA NNE

Ndugu Meneja,

Assalaam aleikum.

Mwishoni mwa Mei nilikuleteeni kwa boti rikoda ya rili aina ya Akai, mashine ya kurekodi na kupiga kanda za sauti, pamoja na kanda nne. Mashine niliifunga kwa mablanketi mawili nikaifikisha mwenyewe bandarini Malindi, maana ni nzito na wachukuzi hawana huruma na kitu kizito. Kazi niliyoomba imeandikwa kwenye stakabadhi yenu kwa mkono wa kijana wenu: kutia belti mpya mahali pa ile iliyoyeyuka, kubadilisha mpira unaobana ukanda, kusafisha hedi, yaani kile kichwa kinachosoma sauti kwenye ukanda, kisha kuzihamisha kanda zote nne kwenye fleshi. Nililipa shilingi 420,000 taslimu na wala sikuomba kupunguziwa.

Mzigo ulirudi tarehe 2 Agosti. Usiku ule, baada ya Isha, mimi na dada yangu tukachomeka fleshi. Ukanda wa kwanza ni harusi ya shangazi yetu. Anayeimba ni mama, aliyeshika maikrofoni ni baba, na wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Dada alisikiliza ubeti mmoja tu, akanigeukia: "Kaka, huyu bwana anayeimba nyimbo za mama ni nani?"

Hakuwa bwana. Alikuwa mama, sauti yake imezamishwa.

Mimi napiga fidla kwenye taarabu mwaka wa thelathini na kitu huu. Niliitoa fidla nikautafuta ule wimbo, nikakuta ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, imeshuka nusu-sauti tatu na ushei. Ganuni hulegea kwa unyevu, hilo kila mpigaji analijua. Lakini haiwezi kulegea sawasawa na akodiani iliyo kando yake, na akodiani haina uzi wa kukaza wala wa kulegeza. Kilicholegea ni mwendo wa mashine.

Nikapiga simu. Siku ya kwanza niliambiwa kanda zangu zimechoka kwa uzee. Ukanda ukizeeka hupoteza sauti nyembamba, hudondosha unga, hunata, hauongezi dakika. Ukanda ule una futi 1,800. Kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, ambao ndio alioutumia baba na ameuandika juu ya boksi, unamalizika kwa dakika 48. Faili lenu lina dakika 57 na sekunde thelathini na kitu. Hizo dakika karibu kumi za ziada aliimba nani?

Siku ya pili jibu likawa kwamba umeme wa Zanzibar una matatizo, ninunue transfoma. Transfoma hupandisha au hushusha volti. Hezi, yaani idadi ya mitetemo ya umeme kwa sekunde, haizigusi, na mota ya mashine hii inakimbia kwa kufuata hezi. Umeme wetu ni hezi 50, sawa na wenu huko Dar, kwani huu wetu unapita kwenye waya uliolazwa chini ya bahari kutoka huko huko kwenu.

Ndipo fundi wenu, na namshukuru kwa ukweli wake, akaniambia kwamba puli ya mota, kile kigurudumu kinachozungusha belti, aliiona imelika, akaitoa na kutia nyingine kutoka mashine ya aina hiyo hiyo iliyoletwa kutoka Marekani. Basi hapo mambo yote yakawa wazi. Marekani umeme ni hezi 60. Mota ya huko inazunguka kwa kasi zaidi, kwa hiyo puli yake hufanywa nyembamba ili ukanda upite kwa mwendo ule ule. Ukiitia puli hiyo kwenye hezi 50, mwendo unashuka hadi sehemu tano kati ya sita. Gawanya 48 kwa tano, zidisha kwa sita, utaona dakika zenu. Waliotengeneza mashine hizi walilijua jambo hili kuliko mtu yeyote, maana Japani kwenyewe upande wa Tokyo unatumia hezi 50 na upande wa Osaka hezi 60, mpaka leo.

Ili nisije nikaambiwa nasikia vibaya kwa sababu ya umri, nilichukua ukanda mtupu, nikapima sentimita 190 na nusu kwa futi ya fundi cherehani, nikatia alama mbili kwa penseli nyeupe upande wa mgongo. Kipande hicho kinatakiwa kipite mbele ya hedi kwa sekunde kumi. Kimepita kwa kumi na mbili. Nimerudia mara nne, dada ameshika saa.

Kijana wa mapokezi alisema faili linaweza kuharakishwa kwenye kompyuta. Ni kweli, linaweza. Lakini hiyo ndiyo kazi niliyokulipeni, na hata faili likirekebishwa mashine yangu itabaki mgonjwa pale mezani.

Hayo yote yanatengenezeka. Linaloniuma zaidi ni ukanda wa tatu.

Ukanda ule ni wa asetati, plastiki ya kanda za zamani. Uinueni rili yake mbele ya taa, mtaona mwanga unapenya ubavuni. Asetati ikikatika hukatika safi kama uzi wa pamba, haivutiki kwanza kama poliesta, plastiki ya kanda za baadaye, kwa hiyo ncha mbili hukutanishwa na kuungwa bila kupoteza hata herufi. Ulikatika mikononi mwenu, nami sigombi kwa hilo, kitu cha zamani hukatika. Ila aliyeunga ametumia gamu ya utepe ya madukani, ile ya kubandikia karatasi, ambayo kwa joto letu hutoa utomvu na kugandisha ukanda tabaka kwa tabaka, badala ya ile gamu maalumu ya kuungia kanda. Na kabla ya kuunga amekata kipande cha mwanzo. Nimelinganisha na boksi: wimbo wa kwanza umeanzia katikati ya bashraf, ule muziki wa ufunguzi usio na maneno, na kabla yake hakuna kitu. Zamani kulikuwa na baba, anakohoa, anasema leo ni siku gani, tupo nyumba ya nani, nani anapiga udi. Sekunde kumi hivi, yaani kama mita mbili za ukanda.

Kwa hiyo naomba mambo haya yafanywe kabla ya mwisho wa mwezi huu. Puli yangu ya asili irudishwe hata kama imelika, nitamtafuta mtu wa kuchonga nyingine kwa kipimo chake. Kanda ya kwanza, ya pili na ya nne zihamishwe upya, bila malipo, kwenye mashine iliyopimwa mwendo. Ya tatu msiiguse. Nitaitoa ile gamu mwenyewe polepole, na kwa ajili yake nirudishiwe robo ya fedha niliyolipa. Gharama za boti, kwenda na kurudi, ni juu yenu safari hii.

Na kile kipande kilichokatwa, naomba fundi aangalie kwenye droo, chini ya meza, hata kwenye pipa kama bado halijamwagwa. Kikiwa kimekunjamana, kitieni kwenye bahasha hivyo hivyo. Msikinyooshe.

Wenu,
Mwenye rikoda ya Akai, Kikwajuni
(Nakala ya stakabadhi na picha za boksi zimeambatanishwa)