Barua kwa ami yangu wa Tumbe, Pemba, kuhusu kurudisha nguvu za miguu kwa kiti na dumu la maji

Ami, shikamoo.

Najua simu yako ni ya kupiga na kupokea tu, kwa hivyo atakayekusomea haya ni mjukuu wako. Namuomba asiruke mahali, hata pale nitakapotaja mambo ambayo wewe ungependa yabaki baina yetu. Ningeweza kupiga simu, lakini nakujua: utanisikiliza, utasema "inshaallah mwanangu", kisha utaniuliza bei ya mchele huku Unguja, na habari itaishia hapo. Tena kila jioni nikipita kwenye maskani za hapa Kikwajuni nawaona kina ami wengine wakiinuka kwa kushika ukuta. Nao wasome.

Sikukuu ya Mfungo Mosi tulikuwa tumekaa barazani kwako, kahawa imekwisha, muadhini ameshaadhini Adhuhuri. Mie nikasimama. Wewe ukajisukuma mara moja, ukarudi. Mara ya pili ukarudi. Ya tatu ukanishika bega, ukacheka, ukasema siku hizi baraza imeshuka. Tukacheka sote. Tulipofika msikitini ukaenda moja kwa moja kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa safu, ukasali umekaa. Hapo kicheko kikaniishia. Ruhusa ipo kwa asiyeweza, wala sikuhukumu. Lakini wewe ndiye uliyekuwa ukenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, miezi mizima, ukivuta nanga peke yako huku sisi watoto tunakutazama mgongo. Kile kiti nimerudi nacho Unguja moyoni.

Unasema ni uzee. Uzee umo, sikatai. Mtu akishapita thelathini na kitu msuli huanza kumpungukia kidogokidogo, na akivuka 60 mwendo huongezeka. Lakini kwako wewe mwizi mkubwa ni kile kitanda. Ulipoteleza kwenye ngazi za gati ukalala wiki tatu, kila mtu aliangalia mkono uliovunjika, na mkono ukapona. Miguu hakuna aliyeiangalia. Mwili hauna huruma na msuli usiofanya kazi: unaula. Watafiti huko Marekani waliwahi kuwalaza wazee wenye afya zao kwa siku 10 tu, wakakuta wamepoteza kwa wastani karibu kilo nzima ya nyama ya miguuni. Siku 10, na wala hawakuwa wagonjwa. Wewe ulilala 21, na chakula chenyewe kilikuwa uji.

Kilichopotea kinarudi, na hili ndilo nililokusudia kukuambia. Mengine yote ni maelezo. Mwaka 1990 madaktari wa Boston walichapisha walichokifanya na wakaazi 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, ambao umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 90. Waliwanyanyulisha uzito kwa miguu mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8. Uzito wa kweli, si wa kubembelezana. Waliomaliza, nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na nyama ya paja karibu asilimia 9. Wewe una miaka 67. Mbele ya hao wewe mtoto wa skuli.

Utaniambia: mbona natembea. Kweli, nyumbani hadi diko la kushushia samaki, diko hadi msikitini, na usiache, kwa sababu moyo na pumzi vinafaidika. Ila paja lako limeizoea njia hiyo tangu zamani, haliombwi kitu kipya. Msuli hukua unapopewa kazi iliyouzidi kidogo, kisha ukapata chakula na usingizi wa kujijenga. Kesho kazi ikibaki ile ile, nao unabaki ulipo.

Mie hili nimelijua kwa ujinga wangu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 24, mwembamba kama ufito, nilipiga pushapu 100 kila usiku chumbani, mwaka mzima. Miezi miwili ya mwanzo kifua kilijaa kidogo. Miezi 10 iliyobaki sikuona tofauti yoyote. Nikadhani kasoro ni chakula, nikanunua kopo la unga wa protini kwenye duka moja la mjini kwa pesa ambayo hadi leo sijamtajia mtu. Nikalinywa likaisha, nikabaki vile vile. Kumbe pushapu zangu za Disemba zilikuwa zile zile za Machi. Siku nilipojitia mkoba wa vitabu mgongoni, nikaweza 12 tu na kuanguka kifudifudi, ndipo mwili ulipostuka.

Sasa tuje kwenye kiti. Si cha plastiki. Chukua kile cha mbao cha chumbani, kiegemeze ukutani kisikimbie. Kaa ukingoni, miguu iachane upana wa mabega, nyayo zirudi nyuma kidogo chini ya magoti. Inamisha kifua mbele, kisha simama. Ukihitaji mikono, ibane mapajani ujisukume, mwanzo hauna aibu. Kazi khasa iko kwenye kurudi: ukishuka hesabu moja, mbili, tatu, usijiangushe kama gunia la karafuu. Simama na kukaa hivyo mpaka uhisi kwamba zimebaki mbili tu kabla hujashindwa. Hapo acha, pumzika dakika mbili au tatu, urudie. Duru tatu zinatosha. Zikiwa sita, ni sita. Zikiwa nne, ni nne. Siku utakayofika 12 katika duru zote tatu bila ya mikono, ndipo linapoingia dumu.

Dumu ni rafiki kwa sababu halidanganyi. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi. Wenye jimu wananunua vyuma vya kilo mbili, tano, kumi. Sisi tuna bomba. Kumbatia kifuani dumu la lita tano lenye lita mbili, ufanye kazi ile ile ya kiti. Likishakuwa jepesi, tia lita ya tatu. Likijaa na bado unaliona jepesi, mwaga maji utie mchanga mkavu, maana lita moja ya mchanga hufika kama kilo moja na nusu. Ongeza pale tu duru zote tatu zinapofika 12, si kwa sababu umeamka na furaha.

Mikono nayo isisahauliwe. Sukuma ukuta, umesimama hatua moja nyuma, viwiko vikunjike taratibu mpaka pua ikaribie chokaa. Ukuta ukiwa mwepesi, hamia kwenye ukingo wa baraza. Baraza ikiwa nyepesi, shuka sakafuni. Kuvuta ni hivi: mkono mmoja shikilia baraza, mgongo ulale sawa, mkono wa pili livute dumu kutoka chini hadi kiunoni, kama unavuta nanga. Hilo sitakufundisha mimi. Ule mkono uliovunjika uanze na lita moja, usiushindanishe na mwenzake. Mwisho shika ukuta uinuke kwa ncha za vidole vya miguu, kwa ajili ya vigimbi, kwa sababu ndivyo vinavyokuzuia usipepesuke kwenye ngazi za gati. Yote hayo hayazidi dakika 40. Jumamosi, Jumatatu, Jumatano, baada ya Alasiri, ndani ya ua. Siku za katikati ziache, msuli unajengeka mtu akipumzika. Na watakaochungulia wakasema mzee anataka kuoa tena, wasemeshe na mama, atawajibu yeye.

Chakula sasa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Ami, wewe ni mvuvi wa Tumbe unayeuza changu ukala mchuzi! Asubuhi chai ya rangi na boflo, mchana wali na kipande cha samaki ambacho nusu unampa paka, usiku muhogo. Kwa mtu aliyevuka 65 wataalamu wa lishe wanashauri gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, kila siku. Wewe una kilo 58, kwa hivyo ni kama gramu 60 hadi 70. Hilo halitaki kopo la unga. Mayai mawili asubuhi ni gramu 12. Glasi ya maziwa, 8. Kipande cha samaki kama kiganja cha mkono bila vidole hakipungui 20. Bakuli la choroko usiku, 14 hivi. Wali na mkate vinaongezea kilichobaki, na siku samaki ni ghali wapo dagaa wakavu, ambao kiasi cha nusu ya uzito wao ni protini. Usizirundike zote mchana. Mwili wa mtu mzima unazitumia vizuri zaidi ukizipata kidogo asubuhi, mchana na usiku. Paka atafute panya.

Kabla hujaanza, nenda kapimwe presha, na umwambie daktari unataka kunyanyua uzito. Umuulize na figo pia, kwa sababu mwenye figo mbovu hesabu yake ya protini ni nyengine. Wakati wa kusimama toa pumzi, usiibane kifuani, kubana pumzi kunapandisha presha ghafla. Ukihisi kizunguzungu au kifua kukaza, kaa chini na siku hiyo iishe hapo. Mapaja kuuma siku moja au mbili baadae ni kawaida. Goti kuchoma kama sindano si kawaida: punguza kina, tia mto juu ya kiti.

Wiki tatu nne za mwanzo utaona unasimama kwa urahisi zaidi na bado mapaja ni yale yale. Usivunjike moyo, ni mishipa ya fahamu inajifunza upya kuuamsha msuli uliobaki. Nyama yenyewe huja nyuma, kuanzia wiki ya nane hivi. Kwa hivyo usijipime kwenye kioo, jipime hapo hapo barazani.

Namtaka mjukuu afanye jambo moja. Jumamosi hii baada ya Alasiri akuhesabie mara ngapi umesimama kutoka kwenye kiti bila kushika kitu, aniandikie idadi tu. Hata ikiwa mbili. Madumu mawili ya lita tano nimeshayaosha, yalikuwa ya mafuta ya kupikia, yatakuja na boti wiki ijayo. Mwambie mama asiyatie mafuta ya taa.

Mwana wa kaka yako,
Kikwajuni, Unguja