Barua ya wazi kwa Waziri wa Mipango: tathmini ianze kabla ya mradi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu tafiti ambazo wizara yako hulipia kwa kodi zetu ili kuamua sera ipi iendelee na ipi isimame. Naomba hadidu za rejea za tathmini, yaani maelezo ya nini kitapimwa na kwa njia gani, ziandikwe kabla mradi haujaanza, na tarehe ya kuchapisha matokeo ipangwe papo hapo.

Mara nyingi mtafiti huitwa mwishoni, fedha zikiwa zimekwisha. Hana takwimu za awali wala kundi la kulinganisha, yaani watu kama hao ambao mradi haukuwafikia. Atawahesabu wanufaika, atawahoji, ataandika kwamba wengi wameridhika. Lakini je, hali yao ingekuwaje bila mradi? Swali hilo, ambalo ndilo la msingi, linakuwa limeshapoteza wa kulijibu.

Mexico walijipanga mapema. Mwaka 1997 walianzisha Progresa, mpango wa kuzipa familia maskini fedha kwa sharti la kusomesha watoto na kuhudhuria kliniki. Bajeti haikutosha kufikia vijiji vyote kwa mkupuo. Basi katika vijiji 506 vilivyochunguzwa, 320 vilichaguliwa kwa bahati nasibu vianze, na 186 vikasubiri. Tofauti ilionekana, hasa kwa wasichana walioingia sekondari. Chama tawala kiliposhindwa uchaguzi wa mwaka 2000, serikali mpya haikuufuta mpango huo. Iliupanua, na ushahidi huo ulichangia.

Wapo wanaosema kuwasubirisha maskini ni ukatili. Naiheshimu hoja hiyo, na fedha zikitosha, wapewe wote. Zisipotosha, kuna watakaosubiri tu, na bahati nasibu ina haki kuliko kujuana.

Nia njema pekee haitoshi. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1970, vijana watukutu walipelekwa kutembelea magereza ili wakiona maisha ya wafungwa waogope uhalifu. Majaribio yaliyolinganisha makundi yalionyesha kwamba waliopelekwa walielekea kutenda makosa zaidi kuliko wasiopelekwa. Ripoti ya namna hiyo, Mheshimiwa, ni rahisi kuishia kabatini, nayo ndiyo tunayoihitaji kuliko zote. Kwa hiyo idara iliyoendesha mradi isiwe na mamlaka ya kuahirisha uchapishaji.

Anza na bajeti ijayo. Andiko la mradi mpya likija mezani kwako bila mpango wa tathmini na kasma yake, yaani fungu lake la fedha, lirudishwe.

Wako,
Mwananchi mlipa kodi