Wanafunzi wa afya tupewe nafasi ya vitendo

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu mazingira ya kujifunzia ya wanafunzi wa afya baada ya UVIKO-19. Tangu vyuo vyetu vifunguliwe tena Juni 2020, wengi tumezoea mihadhara ya kwenye simu, na inatusaidia: usipoelewa, unairudia usiku.

Lakini mshipa hautafutwi kwenye simu. Chuoni kwetu mkono wa bandia wa kujifunzia kuchoma sindano ni mmoja, umetobokatoboka. Wodini tunazunguka kitanda kimoja wanafunzi kumi; wa nyuma wanaona migongo tu. Mgonjwa naye, maskini, hana faragha.

Naomba vyuo vitugawe makundi madogo kwa zamu za asubuhi, jioni na usiku, na maabara ya vitendo ibaki wazi hadi saa 3 usiku akiwepo mkufunzi.

Mwanafunzi wa uuguzi,
Dodoma